BARUA ISIYOPATA JAWABU

Namna ya kuandika kwa ajili ya kazi, biashara na chama



Kila juma barua nyingi hutoka katika miji na vijiji vyetu. Chama cha akina mama chaomba vyerehani. Wazazi wa shule waomba mabati. Wakulima wa kahawa watafuta mnunuzi wa ng'ambo. Mwenye duka wa Uvira amwandikia mwuza bidhaa wa Dar es Salaam. Zamani barua hizo zilikwenda kwa posta au kwa mkono wa msafiri. Siku hizi nyingi zaenda kwa simu ya mkononi. Lakini kwa njia yo yote, barua ni barua. Mwandishi aketi akingoja. Juma lapita, mwezi wapita, jawabu haliji. Mwisho asema: "Wametudharau."

Pengine ni kweli. Walakini, aghalabu sababu ni nyingine: aliyeipokea barua hakufahamu aombwa nini, wala hakuona kwa nini aombwe yeye, wala hakujua afanye nini kwanza. Akaiweka kando ili aisome tena kesho, na kesho hiyo haikufika.

Tusidhani kwamba jambo hili ni dogo. Kahawa isiyopata mnunuzi kwa wakati wake huuzwa kwa bei ya kutupa kwa mchuuzi apitaye, na katika nyumba ile kuna mtoto atakayebaki nyumbani shule zitakapofunguliwa. Chama kilichoandika mara tatu bila kujibiwa huvunjika moyo, na watu hutawanyika. Basi yatupasa kujifunza kuandika kama vile twajifunza kushona au kujenga. Kuandika vizuri si karama ya wachache. Ni kazi ya mikono, yenye kanuni zake.

MTU MMOJA, MAANDIKO MAWILI

Twaweza kuanza na mfano wa mtu ambaye kazi yake yajulikana hata katika vijiji vyetu vya mbali. Mwaka 1859, Henry Dunant, mfanya biashara kijana wa mji wa Geneva katika nchi ya Uswisi, alikuwa na shida. Alikuwa na biashara ya mashamba na kinu huko Algeria, nchi iliyotawaliwa wakati ule na Ufaransa, lakini hakupata ruhusa ya ardhi na maji kama alivyotaka. Watumishi wa serikali walikuwa wakimrudisha huku na huku. Akakata shauri kumwendea Kaisari wa Ufaransa mwenyewe, Napoleon wa Tatu, aliyekuwa vitani kaskazini mwa Italia.

Ili apate kibali machoni pake, Dunant alitunga kitabu cha kumsifu, akisema kwamba dola kuu ya kale ya Charlemagne imesimama tena kwa mikono yake. Sifa zilijaa ndani yake kama maji mtungini. Lakini sifa zile hazikuiokoa biashara yake: mwaka 1867 ilifilisika kabisa.

Katika safari ile ile Dunant alifika jioni ya tarehe 24 Juni 1859 katika mji mdogo wa Castiglione, karibu na Solferino, mahali palipopiganwa siku hiyo vita vikubwa sana. Majeruhi walikuwa wakiletwa kwa maelfu. Makanisa na nyumba zikajaa. Waganga walikuwa wachache mno, na wengi walikufa kwa kukosa maji ya kunywa na kitambaa cha kufungia kidonda. Dunant akasaidia kwa siku kadha, na wanawake wa mji wakasaidia pamoja naye, bila kuuliza kama mtu huyu ni wa upande huu au wa upande ule.

Aliporudi kwao aliandika kitabu cha pili, jina lake Kumbukumbu ya Solferino. Alikipiga chapa mwaka 1862 kwa fedha yake mwenyewe, nakala 1,600, akazituma kwa wafalme, mawaziri, majemadari na watu wenye neno katika nchi nyingi za Ulaya. Kitabu hicho hakikumsifu mtu kwa kutafuta faida. Kilieleza aliyoyaona. Na mwishoni kiliuliza maswali mawili. La kwanza: je, haiwezekani kuunda, wakati wa amani, vyama vya watu wa kujitolea ili kuwatunza majeruhi wakati wa vita? La pili: je, mataifa hayawezi kufanya mapatano ya kuvilinda vyama hivyo?

Mwaka 1863 watu watano wa Geneva, Dunant akiwa mmoja wao, waliunda halmashauri ya kazi hiyo. Tarehe 22 Agosti 1864 nchi 12 zilitia sahihi Mapatano ya Geneva. Ndivyo ulivyozaliwa Msalaba Mwekundu. Mwaka 1901 Dunant, mzee na maskini, alikuwa mmoja wa wawili waliopewa Tuzo ya Amani ya Nobel ilipotolewa kwa mara ya kwanza.

Tuyaangalie maandiko hayo mawili. Mwandishi ni yule yule, na yaliandikwa katika muda wa miaka michache. La kwanza lilitaka kumpendeza msomaji. La pili lilitaka msomaji aone. La kwanza liliificha haja yake nyuma ya sifa. La pili liliitaja haja yake waziwazi, tena kwa namna ambayo mtu aweza kujibu: ndiyo au la. Wahenga husema kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Lakini mtu mwenye kazi nyingi mezani si nyoka. Maneno matamu humchosha, naye huweka barua kando.

KARANI ALIYESOMA DAFTARI ZA MELI

Sisi watu wa Kongo tuna mifano iliyo karibu zaidi, maana nchi yetu yajua, pengine kuliko nyingine nyingi, nguvu ya neno lililoandikwa kwa ukweli.

Mwaka 1890 alifika hapa George Washington Williams, Mmarekani mweusi, aliyekuwa askari, mchungaji, mwanasheria na mwandishi wa historia. Hapo mbele alikuwa amemsikia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji akieleza mema aliyoyafanya Kongo. Akapanda mto ajionee mwenyewe. Akiwa Stanley Falls, mahali paitwapo leo Kisangani, aliandika Barua ya Wazi kwa mfalme huyo. Hakumtukana. Alimwita kwa heshima ipasayo mfalme, kisha akayataja mashtaka yake moja moja, kwa hesabu: la kwanza, la pili, la tatu. Msomaji hakuweza kupotea njia. Williams alifariki mwaka uliofuata huko Uingereza, na wengi wakadhani kwamba neno lake limezikwa naye. Lakini karatasi ilibaki.

Baada ya miaka michache alitokea Edmund Dene Morel, karani wa kampuni ya meli ya Elder Dempster ya Liverpool, iliyobeba mizigo ya Kongo. Kazi yake ilimpeleka mara kwa mara katika bandari ya Antwerp. Morel alisoma daftari kama karani ye yote. Meli zilifika zimejaa mpira na pembe za ndovu. Zilipokwenda Kongo zilichukua bunduki, risasi na askari, na bidhaa za biashara chache sana. Akajiuliza: ikiwa bidhaa za kuwalipa wenyeji haziendi, mpira huo wapatikanaje? Jawabu lilikuwa moja tu: watu walikuwa wakilazimishwa kufanya kazi pasipo malipo.

Hapo Morel hakuwa amekanyaga nchi ya Kongo. Aliweka hesabu mbili kando kwa kando, mizigo iliyotoka na mizigo iliyoingia, na hesabu hizo zikasema zenyewe. Wahenga wetu wasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari ndilo lililoleta habari. Mwaka 1901 aliacha kazi yake. Mwaka 1903 alianzisha gazeti lake mwenyewe. Na mwaka 1904 aliunda pamoja na wenzake Chama cha Kuleta Mageuzi katika Kongo.

Wengine waliongeza yale ambayo daftari haziwezi kusema. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, alisafiri mtoni mwaka 1903, akawauliza watu kijiji kwa kijiji na kuandika majibu yao. Ripoti yake ilipotangazwa mwaka 1904, wakubwa wake walikuwa wameyaondoa majina ya watu na ya mahali na kuweka herufi badala yake. Casement alikasirika sana, kwa maana alijua kwamba ushuhuda usio na jina hupoteza nusu ya nguvu yake. Mwaka huo huo Alice Seeley Harris, wa misheni ya Baringa, alipiga picha ya baba mmoja aliyeketi barazani akiutazama mkono na mguu wa binti yake, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo ilionyeshwa katika mikutano mingi. Nasi leo twamjua baba huyo kwa jina lake, Nsala wa kijiji cha Wala, na binti yake, Boali. Hakubaki "mwenyeji mmoja".

Tarehe 15 Novemba 1908 nchi ilitoka katika mikono ya mfalme, ikawa chini ya serikali ya Ubelgiji. Mateso hayakwisha siku hiyo. Lakini mali ya mfalme, pamoja na magazeti aliyoyalipa ili yamtetee, haikuweza kuuzima ukweli ulioandikwa vizuri.

Tena yafaa tukumbuke hila moja ya wakati ule. Mwezi wa Novemba 1905, siku moja kabla ya kutangazwa kwa ripoti ya tume ya uchunguzi, magazeti makubwa ya Uingereza yalipokea muhtasari wake, uliotiwa jina la chama fulani cha misheni. Yaliutumia kwa furaha, kwa kuwa ulikuwa mfupi na rahisi. Baadaye ikaonekana kwamba muhtasari ule haukulingana na ripoti yenyewe, na chama kile kilikuwa jina tupu. Basi ufupi na urahisi ni vyombo vyenye nguvu, na mwongo naye aweza kuvishika. Kwa hiyo mwenye kusema kweli asikubali kuandika vibaya kuliko mwenye kusema uwongo.

TUIJARIBU BARUA YETU

Turudi sasa nyumbani. Tuseme kwamba chama cha wakulima wa kahawa, kando ya ziwa la Kivu, kimeharibikiwa mashine ya kumenya kahawa. Mwandishi wa chama aandika hivi:

"Kwa heshima kuu na unyenyekevu mwingi, sisi watoto wenu maskini twapiga magoti mbele yenu, tukitumaini kwamba barua hii itawakuta katika afya njema, kama sisi tulivyo wazima, isipokuwa shida nyingi tulizo nazo, ambazo hatuwezi kuzitaja zote, kwa maana vita, njaa, na ukosefu wa njia vimetulemea, na kwa hiyo twawaomba mtusaidie kwa cho chote mtakachojaliwa, hasa katika mambo ya kilimo, afya, elimu na maendeleo kwa jumla."

Kila neno hapo laweza kuwa kweli. Lakini atakayeisoma afanye nini? Hakutajiwa mashine, wala bei, wala siku. Ameombwa "cho chote", na mtu aombwaye cho chote aghalabu hutoa si kitu. Sasa tuandike tena:

"Bwana Mkurugenzi, twakusalimu. Sisi ni chama cha wakulima wa kahawa, jamaa 214. Twaomba dola 720 ili kununua mashine ya kumenya kahawa kabla ya mavuno kuanza mwezi wa tatu. Mashine yetu ya zamani ilivunjika Julai. Kahawa nyekundu yapasa kumenywa siku ile ile ichumwapo, la sivyo huchacha. Na sasa wanachama huibeba kichwani saa tatu hadi mashine ya jirani, au huiuza kwa wachuuzi kwa bei ya chini. Mashine mpya ni dola 1,150. Sisi wenyewe tumekwisha kuchanga dola 430. Tumeambatanisha karatasi ya bei ya mwenye duka na hesabu ya michango yetu. Kama utaka kujua zaidi, mwandishi wetu apatikana kwa namba iliyo chini. Twaomba jawabu lako kabla ya tarehe 15 Januari, tupate kujua kama tutafute njia nyingine."

Barua ya pili ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini ina kila kitu. Nani waomba, waomba nini, kwa sababu gani, kiasi gani, lini, na wenyewe wametoa nini. Tazama pia utaratibu wake: ombi limekuja mapema, katika mistari ya kwanza. Wazee wetu, wakiwa na haja kubwa, huzunguka kwanza kwa salamu na habari za nyumbani, kisha hufika kwenye neno. Desturi hiyo ni nzuri kwa watu wanaoketi pamoja, kwa kuwa wote wana nafasi na wanatazamana. Msomaji wa barua hatutazami, naye ana barua nyingine arobaini mezani. Tumsalimu kwa heshima, mara moja, kisha tumwambie tulichokuja kusema.

Tazama pia zile dola 430. Pengine ndilo neno lenye nguvu kuliko yote katika barua ile. Mtu hupenda kusukuma gari ambalo wengine wamekwisha kulisukuma.

MANENO YA BIASHARA

Katika biashara kanuni ni ile ile, ila sura hubadilika.

Unapoagiza bidhaa, kila neno la jumla ni shimo njiani. "Niletee vitambaa vizuri kama vya mara ya kwanza" ni ugomvi uliokwisha kuzaliwa. Taja aina, rangi, kipimo, idadi, bei mliyopatana, mahali pa kupokelea, na nani alipa usafirishaji. Hata kwa ujumbe wa simu, andika yote katika ujumbe mmoja, umwombe mwenzako ajibu kwa kuyarudia. Ujumbe huo utakuwa shahidi wenu siku mtakapokosa kukubaliana.

Unapodai deni, usianze kwa ukali, wala usifiche neno. Taja tarehe ya mkopo, kiasi, kilichokwisha kulipwa, na kilichobaki. Kisha mpe mdeni mlango wa kupitia: "Kama huwezi kulipa yote mwisho wa mwezi, niambie waweza kulipa kiasi gani, na lini." Dawa ya deni ni kulipa, lakini mtu aliyeaibishwa mbele ya watu hukimbia dawa hiyo. Barua ya kudai isiandikwe usiku wa hasira. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na ulimi wa karatasi haurudi kinywani.

Na tangazo je? Wengine husema: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Ni kweli sokoni kwetu, mahali ambapo mnunuzi ashika, anusa na kuonja. Lakini mnunuzi aliye mbali hana mikono wala pua katika soko letu. Maneno yetu ndiyo mikono yake. Kumwambia "Kahawa yetu ni bora kupita zote duniani" ni sawa na kumwambia si kitu, kwa kuwa kila mwuzaji asema hivyo. Mwambie badala yake mashamba yako juu kiasi gani. Ziwa la Kivu lenyewe liko yapata mita 1,460 juu ya bahari, na mashamba yapanda vilimani juu ya ziwa. Mwambie mbegu ni ya aina gani, kahawa ilichumwa mwezi gani, iliosheshwa na kuanikwa namna gani, magunia ni mangapi ya kilo 60. Mnunuzi ajuaye kazi yake atauona ubora katika mambo hayo, bila wewe kulitaja neno "bora".

Wakulima wa Kivu wanaijua faida ya jambo hili. Kwa miaka mingi kahawa yao ilivushwa ziwa usiku kwa mitumbwi, ikauzwa upande wa pili bila jina, na watu wengi walizama majini. Kahawa isiyo na jina haina bei ya haki. Vyama vya ushirika, kama SOPACDI ya Minova iliyoanzishwa na mkulima Joachim Munganga, viliiwezesha kahawa hiyo kufika masoko ya Ulaya na Marekani ikiwa na jina la mahali ilikotoka. Hilo halikufanywa na mashine za kuosha peke yake. Daftari za mashamba, hesabu za magunia na barua zilizoandikwa sawasawa zilikuwa na sehemu yao.

BARUA AMBAYO WENGI HUISAHAU

Vyama vingi hujua kuomba. Vichache hujua kurudi. Fedha imefika, mashine imenunuliwa, na mtoaji hasikii neno tena mpaka siku ya ombi jipya. Hapo msishangae akinyamaza.

Barua ya shukrani ni sehemu ya kazi. Iandikwe katika juma lile lile fedha ilipopokelewa, nayo itaje kiasi. Kisha, baada ya miezi michache, iandikwe barua ya hesabu: tulipokea hiki, tulitumia hiki, kilichobaki ni hiki, na hivi ndivyo mambo yalivyobadilika. Kama jambo halikwenda kama mlivyotumaini, liandikeni pia. Mkisema: "Mashine ilichelewa majuma matano, kwa hiyo sehemu ya kahawa ilichacha, mwaka huu tutaagiza mapema," msomaji atajua kwamba ashughulika na watu wa kweli. Barua isiyo na kosa hata moja humtia mtu wasiwasi.

TUSIUZE AIBU YA JIRANI

Kuna jaribu moja ambalo yapasa kulitaja, kwa maana lakua siku hizi. Kwa kuwa picha na habari za huzuni huvuta mifuko, watu wengine huandika habari za majirani zao kana kwamba ni bidhaa. Mtoto mgonjwa apigwa picha uchi. Mwanamke aliyetendewa mabaya vitani atajwa kwa jina na kijiji, habari yake yatumwa nchi za mbali, naye hakuulizwa.

Mtu aweza kujibu: je, picha ya Nsala haikufanya kazi njema? Ndiyo, ilifanya. Lakini Nsala mwenyewe ndiye aliyekuja misheni akiwa na ushuhuda wake mikononi, ili watu wajue. Hiyo ndiyo tofauti. Kabla ya kuandika habari za mtu, tumwulize. Tumsomee tulichoandika. Kama jina lake laweza kumletea hatari au aibu, tulifiche, hata kama barua itapungua nguvu. Na daima tumwonyeshe akitenda, si akipokea tu: mama huyu ni mjane, lakini pia ndiye mshika fedha wa chama, naye hajapoteza franka moja. Msomaji atampa mkono kwa heshima, wala si kwa huruma ya kupita.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Mwisho, shauri chache za kazi yenyewe.

Msimwachie mtu mmoja barua ya chama. Kwanza wanachama wakubaliane kwa midomo: twataka nini hasa? Mkishindwa kuitaja haja yenu kwa maneno kumi, hamjawa tayari kuandika. Mara nyingi barua ni yenye giza kwa sababu mkutano ulikuwa na giza.

Andikeni kwa lugha mnayoimudu. Barua ya Kiswahili safi, au ya Kifaransa chepesi, yapita ile ya Kifaransa kikubwa ambacho mwandishi mwenyewe hakifahamu.

Isomeni kwa sauti mbele ya mtu asiyejua habari ile, kama vile bibi mzee au kijana wa shule. Kisha mwulizeni: "Wameomba nini?" Akijibu sawasawa, barua i tayari. Akisitasita, kosa si lake.

Hakikisheni majina na hesabu mara mbili. Jina la mtu lililokosewa ni mlango uliofungwa kabla ya kubisha. Hesabu zisizojumlika huharibu hata maneno ya kweli.

Tieni tarehe. Wekeni nakala. Siku ya haja, nakala hiyo itawasemea hata kama mwandishi amehama au amekufa.

Tena, wapeni vijana kazi hii, wasichana pamoja na wavulana. Katika nyumba nyingi mtoto wa darasa la sita ndiye amwandikiaye baba barua ya kazi na mama hesabu ya biashara yake ndogo. Asidhani kwamba anafanya kazi ya utumwa. Morel alikuwa karani tu, mwenye daftari na macho mawili, naye aliuliza swali moja ambalo mfalme hakuweza kulijibu. Leo jioni, mtoto huyo atakapoketi mezani na kalamu yake, wazazi wamwambie jambo hilo, kisha wamwache aandike kwanza neno lile ambalo ndilo haja yao.